Giza Linaloanzia Boko

Ikifika saa tatu usiku katikati ya Mei, mtu aliyesimama ufukweni Boko, kaskazini mwa Dar es Salaam, anaweza kuona jambo ambalo mkazi wa London halioni, wala mkazi wa Sydney. Akielekea kusini, Msalaba wa Kusini uko wima mbele yake, umepanda zaidi ya theluthi ya safari kutoka upeo wa macho hadi utosini. Akigeuka kaskazini, nyota saba za Dubu Mkubwa zimejipanga upande wa Bagamoyo. London, Msalaba hauchomozi hata siku moja. Sydney, Dubu Mkubwa huchungulia kidogo tu kisha huzama, tena si kwa nyota zake zote.

Sababu iko kwenye ramani. Boko ipo takriban nyuzi sita na nusu kusini mwa ikweta, na kwa mtu aliye jirani na ikweta, mzunguko wa dunia humpitishia karibu kila nyota iliyopo. Kwa mwaka mmoja, zaidi ya asilimia 99 ya anga lote hupita juu ya upeo wa Boko. Kinachobaki kimefichika ni kiduara kidogo kinachoizunguka ncha ya kaskazini, na humo ndimo ilimo Nyota ya Kaskazini. Wanaastronomia wa Ulaya hupanda ndege hadi Chile au Namibia kutafuta nyota za kusini. Mtu wa Pwani anazo za kusini na za kaskazini pamoja, juu ya paa lake.

Shida ni kuziona. Nyota hazijaondoka, ila giza la kuzionyesha linapungua mwaka hadi mwaka, na kwa sasa Boko ni kama mpaka wa giza hilo: kusini yake kuna jiji, kaskazini yake kuna mashamba na vichaka vinavyogeuzwa viwanja.

Mng'ao wa barabara ya Bagamoyo

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Sehemu kubwa ya hiyo milioni iliyoongezeka haikutafuta makazi Posta wala Kariakoo. Ilikwenda pembezoni: Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, Madale, Bunju na Boko upande wa Kinondoni. Mashamba yakapimwa viwanja, nyumba zikazungushiwa ukuta, na juu ya ukuta zikafungwa taa. Kando ya barabara zikaja nguzo za taa, vituo vya mafuta, kumbi za harusi, maduka yasiyofungwa mapema na mabango yanayowaka hadi asubuhi. Njia ya mwendokasi nayo inasogezwa hadi Tegeta, na penye kituo hapakosi taa.

Mwanga unaorushwa juu haupotelei huko. Hugonga vumbi, moshi na mvuke, ukatawanyika, na sehemu yake ikarudi chini. Hewa ya Pwani ina unyevunyevu mwingi, kwa hiyo mwanga hupata vitu vingi vya kugonga. Ndiyo maana mtu wa Boko akitazama kusini, nyuma ya kilima cha Wazo, huona anga limepauka hata usiku usio na mwezi, ilhali upande wa bahari ni mweusi zaidi. Huo mpauko ndio wataalamu wanaouita uchafuzi wa mwanga. Hauizimi nyota, unaizidi nguvu tu, kama mashine ya kusaga inavyoifunika sauti ya mtu anayenong'ona kando yake.

Habari njema ni kwamba mng'ao wa mji hupungua haraka mtu anapojitenga nao. Katika miaka ya 1970 mwanaastronomia wa Marekani, Merle Walker, alipima anga karibu na miji ya California na kupata kanuni rahisi ya kukadiria: umbali ukiongezeka mara mbili, mng'ao hushuka karibu mara tano hadi sita. Dar es Salaam si taa moja iliyosimama Posta, maana Tegeta na Bunju zina taa zao, lakini mwelekeo ni uleule. Anayetoka Boko hadi Bagamoyo, mwendo wa chini ya saa moja foleni ikiwa nzuri, haongezi kilometa tu. Anaongeza nyota kwa mamia.

Kwa kupima tofauti hiyo bila mitambo, watazamaji wa nyota duniani kote hutumia ngazi tisa zilizopendekezwa na Mmarekani John Bortle mwaka 2001. Ngazi ya kwanza ni giza kamili la nyikani, ambako Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe unaokata anga, huwa na nguvu hata ya kuacha kivuli hafifu ardhini. Ngazi ya tisa ni katikati ya jiji kubwa, ambako mtu huona mwezi, sayari na nyota chache zenye nguvu, basi. Mahali penye giza zuri, macho matupu huona nyota kama elfu mbili na nusu kwa wakati mmoja. Katikati ya jiji hubaki makumi tu.

Dunia kwa jumla inapanda ngazi hizo bila kujua. Mwaka 2016 kundi la watafiti likiongozwa na Mwitaliano Fabio Falchi lilichapisha ramani ya mwanga wa usiku wa dunia nzima. Walikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya binadamu hawawezi tena kuiona Njia ya Maziwa kutoka wanapoishi. Amerika Kaskazini idadi hiyo inakaribia watu wanane kati ya kumi. Nchi zilizotajwa kuwa na anga safi kuliko nyingine zilikuwa za Afrika: Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Madagaska.

Mwaka 2023 Christopher Kyba na wenzake walitoa hesabu nyingine katika jarida la Science. Walichambua taarifa zaidi ya 51,000 zilizotumwa na watu wa kawaida kati ya 2011 na 2022, kila mmoja akieleza nyota alizoziona kwa macho yake. Wastani wa ongezeko la mng'ao wa anga ulikuwa asilimia 9.6 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, mtoto aliyezaliwa mahali ambapo nyota 250 zinaonekana, akifikisha miaka 18 atakuwa amebakiwa na nyota kama 100. Taarifa nyingi zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Afrika ilichangia chache sana, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba kasi ya Boko ni hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo utafiti huo uliliweka wazi. Setilaiti zinazopiga picha za dunia usiku hazioni vizuri mwanga wa rangi ya buluu, na taa za LED nyeupe zina buluu nyingi. Buluu ndiyo rangi inayotawanyika zaidi hewani, na hiyo ndiyo sababu anga la mchana lina rangi hiyo. Hivyo mtaa unapobadilisha taa za zamani zenye rangi ya machungwa na kufunga LED nyeupe kali, picha ya setilaiti inaweza kuonyesha nafuu wakati aliye chini anaona nyota zikipungua.

Elimu iliyokuwa ikisomwa usiku

Watu wa Mwambao hawakuwa wakitazama nyota kwa kujiburudisha tu. Zilikuwa vifaa vya kazi.

Katika karne ya 15 nahodha Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, aliandika maelekezo ya safari za Bahari ya Hindi, yakiwemo ya pwani hii hadi Sofala. Manahodha wa zama zake walipima urefu wa nyota kwa vidole, wakinyoosha mkono mbele ya macho. Kaskazini waliitegemea Jaha, yaani Nyota ya Kaskazini, ambayo Muscat husimama karibu nyuzi 23 juu ya bahari. Jahazi lililoshuka na kaskazi kuja Unguja liliiona Jaha ikizidi kuinama kila usiku, na karibu na ikweta ikazama kabisa. Hapo nahodha alihamia kwenye nyota nyingine, kama Farkadani, nyota mbili jirani za Jaha ambazo bado huchomoza kidogo katika anga la Zanzibar, huku upande wa kusini akiwa na Suheli, nyota ya pili kwa kung'aa katika anga lote la usiku. Nyota za chini namna hiyo ndizo za kwanza kuliwa na mng'ao wa mji, kwa sababu mng'ao hukaa upeoni.

Mkulima naye alikuwa na Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana. Wazee wa Pwani wana msemo kwamba Kilimia kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua, na kikizama wakati wa jua huzuka wakati wa mvua. Mtu anayefuatilia anga ataona kwamba msemo huo ni kalenda halisi. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa yamepamba moto, Kilimia huonekana magharibi jua likishazama, kila jioni chini zaidi, hadi kinamezwa na mwanga wa machweo. Hukaa kimefichika wiki kadhaa, kisha katikati ya Juni huzuka mashariki kabla ya mapambazuko, mvua zikiwa zimekwisha na kipupwe kimeingia. Mwezi wa Novemba mambo hugeuka: asubuhi kinazama magharibi kabla ya jua kuchomoza, na jioni kinachomoza mashariki giza likiingia, wakati wa vuli. Kwa mtu wa Kariakoo leo, Kilimia ni ukungu mdogo, akibahatika.

Kipo pia kitu ambacho Waislamu wamekijua kwa jina kwa karne nyingi, na ambacho mtoto wa mjini anaweza kumaliza madrasa bila kukiona hata mara moja. Vitabu vya fikihi hufundisha kwamba kuna alfajiri mbili. Ya kwanza ni alfajiri ya uongo: mwanga hafifu unaosimama kama nguzo kutoka mashariki kwenda juu. Haumzuii mtu kula daku wala hauingizi wakati wa Swala ya Alfajiri. Ya pili ni alfajiri ya kweli, inayotanda kulia na kushoto juu ya upeo.

Sayansi inaikubali tofauti hiyo na kueleza chanzo chake. Nguzo ya kwanza ni vumbi. Kati ya sayari kumetapakaa vumbi jembamba lililoachwa na vimondomkia na mawe ya angani, na vumbi hilo huakisi mwanga wa jua ambalo bado liko mbali chini ya upeo. Karibu na ikweta njia ya jua husimama wima zaidi kuliko Ulaya, ndiyo maana Afrika Mashariki ni mahali pazuri mno pa kuiona alfajiri ya uongo. Inahitaji kitu kimoja tu: mashariki pasipo na taa. Ufukwe unaotazama Bahari ya Hindi unafaa, mradi hakuna taa za hoteli mgongoni.

Vumbi hilohilo lina uhusiano wa mbali na Zanzibar. Mwanamuziki Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Mpiga gitaa wa bendi yake ya Queen, Brian May, alikuwa mwanafunzi wa fizikia ya anga katika chuo cha Imperial, London. Aliacha masomo miaka ya 1970 kwa ajili ya muziki, akarudi baada ya zaidi ya miaka 30 na kupata shahada ya uzamivu mwaka 2007. Mada yake ilikuwa mwendo wa vumbi la kati ya sayari, lile linaloleta alfajiri ya uongo. Mwaka 2016, ambao Freddie angetimiza miaka 70 kama angekuwa hai, asteroidi namba 17473 ilipewa jina lake.

Wapi, lini, kwa namna gani

Mtazamaji anayeanzia Boko anapaswa kujua mambo matatu kabla ya kuwasha gari: mwezi, msimu na macho yake mwenyewe.

Mwezi ni taa ambayo hakuna anayeweza kuizima. Ukiwa mpevu, hata mbuga ya Serengeti hupoteza nyota ndogo. Wavuvi wa dagaa wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Huingia baharini na taa zao usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye taa ya mvuvi. Kalenda yao inamfaa mtazamaji wa nyota: taa za dagaa zikiwa nyingi baharini, huo ndio wakati wa kutoka, ila akae mahali ambapo taa hizo hazimchomi machoni.

Msimu ulio bora ni kipupwe, Juni hadi Agosti, mawingu yanapopungua na hewa kukauka. Kwa bahati, ndio wakati ambao kitovu cha galaksi yetu kiko juu. Mwishoni mwa Julai, saa tatu na nusu usiku, kitovu hicho, kilicho katika kundinyota la Kausi jirani na mkia wa Akrabu, hupanda hadi takriban nyuzi 67, karibu na utosi. Wakazi wa London hukiona kwa shida kikiwa nyuzi tisa au kumi tu juu ya mapaa. Hapa mkanda wa Njia ya Maziwa hukatiza anga kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ndani yake huonekana mabaka meusi. Mabaka hayo si matundu. Ni mawingu ya vumbi yanayoziba nyota zilizo nyuma yake.

Miezi mingine ina vyake. Februari, Suheli iko kusini na Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, iko karibu na utosi. Chini upande wa kusini, penye giza, huonekana kipande cha wingu kisichosogea: Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka ya nuru kama 160,000. Juni, jirani na Msalaba, ipo Rijili Kantori, ambayo wanasayansi huiita Alpha Centauri, mfumo wa nyota ulio jirani zaidi na jua, miaka ya nuru minne na kitu. Novemba, upande wa kaskazini, macho matupu yanaweza kuipata galaksi ya Andromeda, ambayo nuru yake imesafiri miaka milioni mbili na nusu. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba ni wa vimondo vya Geminidi, mvua za vuli zikiruhusu.

Macho nayo yanataka subira. Mboni hupanuka kwa sekunde chache, lakini seli za ndani ya jicho zinazofanya kazi gizani huhitaji dakika 20 hadi 30 kufikia uwezo wake. Simu ikiwashwa mara moja, zoezi linaanza upya. Wazoefu hufunika tochi kwa karatasi au kitambaa chekundu, kwa sababu rangi nyekundu haizisumbui sana seli hizo. Darubini si lazima mwanzoni. Ile ndogo ya macho mawili, ya kutazamia ndege na wanyama, inatosha kuonyesha miezi minne ya Mshtarii.

Kuhusu mahali, kila kilometa kuelekea kaskazini inasaidia. Baada ya Bunju barabara inapita Mapinga na Kerege kabla ya kufika Bagamoyo. Mbele zaidi iko Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, mahali ambapo tembo na ufukwe vimekutana na taa ni za kuhesabu. Kwa watu wa Temeke, njia ya kusini kupitia Kigamboni au Mkuranga inafanya kazi hiyohiyo, na wenye nafasi zaidi wana Kisiwa cha Mafia. Aendaye asiende peke yake. Aage nyumbani, na akifika ajitambulishe kwa uongozi wa kijiji au kwa mlinzi wa eneo, maana kundi la watu wasiojulikana lililoketi gizani hutia shaka popote. Dawa ya mbu iwemo mfukoni.

Tanzania si ngeni katika elimu hii. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ameandika kwa miaka mingi magazetini akiwaeleza wasomaji nini cha kutazama usiku. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete, watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, kushuhudia. Kenya, Susan Murabana na mwenzake Chu Owen huzunguka na darubini yao kubwa chini ya jina la The Travelling Telescope, wakiifikisha kwenye shule ambazo watoto hawajawahi kutazama ndani ya darubini, na huongoza safari za kutazama nyota hadi Samburu, ambako giza bado lipo.

Waliochelewa na waliowahi

Mfano wa kujifunza uko Addis Ababa. Kwenye milima ya Entoto, zaidi ya meta 3,000 juu ya usawa wa bahari, Ethiopia ilijenga kituo chenye darubini mbili za kipenyo cha meta moja, kikazinduliwa 2015. Ni fahari ya Afrika Mashariki, lakini mji uko chini yake na taa zake zinaendelea kuongezeka. Watafiti wamekuwa wakiangalia milima ya Lalibela, mamia ya kilometa kaskazini, kwa ajili ya darubini za baadaye.

Afrika Kusini iliamua kuwahi. Sheria ya mwaka 2007 inayalinda maeneo yanayofaa kwa astronomia, yakiwemo yanayozunguka Sutherland, ilipo darubini kubwa ya SALT. Namibia, hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa kimataifa mwaka 2012 kuwa eneo la anga la giza, na wageni huilipia safari ya kwenda kulala chini ya nyota. Mji wa Flagstaff, Arizona, ulianza kudhibiti taa zake mwaka 1958, na mwaka 2001 ukawa mji wa kwanza duniani kupewa hadhi hiyo. Flagstaff si kijiji cha vibatari. Una barabara, maduka na chuo kikuu, na taa zinawaka. Tofauti ni kwamba zimefunikwa juu na zinaangaza chini.

Hapo ndipo Boko ina nafasi. Umeme wenyewe hauna kosa, na hakuna mzazi atakayekubali mtaa urudi kwenye koroboi ili wengine waone Njia ya Maziwa. Tangu mitambo ya bwawa la Julius Nyerere mto Rufiji ilipoanza kuzalisha mwaka 2024, nchi ina umeme mwingi kuliko wakati wowote, na wengi wanaukumbuka mgawo wa mwishoni mwa 2023 kwa machungu, hata kama usiku wa mgawo nyota zilionekana. Hasara inatokana na taa iliyofungwa vibaya: ile inayoelekezwa juu, au pembeni kwenye macho ya mpita njia, au inayowaka usiku kucha kwenye kiwanja kisicho na mtu.

Hesabu ya nyumbani inasaidia. Taa ya ukutani ya wati 50 ikiwaka kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, inakula uniti 18 za LUKU kwa mwezi. Ikiwekewa kihisio cha kuiwasha mtu anapopita, uniti nyingi kati ya hizo zinabaki. Kwa upande wa ulinzi, taa kali iliyoinuliwa humpofusha mlinzi mwenyewe na kutengeneza kivuli kizito nyuma ya kila mti na kila nguzo, mahali pazuri pa kujificha. Taa yenye kofia, inayoangaza chini, yenye rangi ya joto badala ya nyeupe ya buluu, humwonyesha mlinzi geti na njia, na haimfikii jirani chumbani.

Wapo pia wasioweza kujitetea. Kasa hutaga kwenye fukwe za Kigamboni na za Mafia, na shirika la Sea Sense limekuwa likifanya kazi na wanavijiji kuyalinda mayai yake tangu 2001. Vifaranga huanguliwa usiku na kuelekea upande wenye mwanga zaidi. Kwa kasa wa zamani, upande huo ulikuwa bahari siku zote. Penye taa za hoteli au za nyumba za ufukweni, vifaranga hugeuka nchi kavu, wakaliwa na kaa na kunguru au wakakaushwa na jua la asubuhi. Hata kumbikumbi wanaojazana kwenye taa ya barazani baada ya mvua ya kwanza wamepotezwa na mwanga huohuo, ingawa kwao wapo wanaoshangilia na beseni mkononi.

Mtu anayetaka kujua hali ya mtaa wake hahitaji kifaa. Waingereza wamekuwa wakifanya sensa ya nyota kila mwaka kwa kuhesabu zilizomo ndani ya mraba mrefu wa kundinyota la Jabari, lile lenye nyota tatu zilizojipanga mstari katikati, bila kuzihesabu nne za pembeni. Zikionekana pungufu ya kumi, uchafuzi wa mwanga ni mkubwa. Zikizidi 30, giza ni la kweli. Uingereza humwona Jabari akiwa ameinama upande wa kusini. Pwani ya Tanzania, mwanzoni mwa Februari saa tatu usiku, yuko karibu na utosi, mahali ambapo mng'ao wa mji ni hafifu kuliko kote. Usiku huohuo usio na mwezi mtu anaweza kuhesabu Mwenge, akahesabu tena Boko, kisha Mapinga, kisha Bagamoyo, akaandika namba nne kwenye daftari. Mradi wa kimataifa wa Globe at Night, ambao ndio uliomkusanyia Kyba taarifa zake, hupokea hesabu za namna hii kutoka kwa mtu yeyote mwenye simu, na ramani yake ya Afrika Mashariki bado ina nafasi tupu nyingi.